Skuta haina gia, lakini ina masharti yake

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Likoni. Uko kwenye mteremko wa kushukia feri, umekalia skuta yako, mguu mmoja chini. Mbele yako kuna tuktuk imejaa magunia. Nyuma yako kuna probox inayopiga honi utadhani wewe ndiye uliyeichelewesha feri. Kando yenu watu wa miguu wanateremka kwa mamia. Lango linafunguliwa. Bodaboda aliye karibu nawe anakanyaga gia, anaondoka. Wewe huna gia ya kukanyaga. Unazungusha mkono kidogo tu, skuta inateleza mbele taratibu, nguo safi, viatu safi, begi lako liko chini ya kiti.

Raha hiyo ndiyo iliyokufanya uitafute. Lakini hebu jiulize swali moja kabla hujafika chini: ukizima injini hapo hapo kwenye mteremko, ni nini kinachoizuia skuta isiteremke yenyewe?

Jibu ni breki iliyo mkononi mwako. Hakuna kingine.

Wengi wetu tunaendesha skuta miezi na miezi bila kulijua hilo. Tumeambiwa "hiyo ni rahisi, ni mafuta na breki tu", tukaamini. Kweli ni rahisi kuiendesha. Ila ina tabia zake, na ukiishi Likoni, Kisauni au Changamwe tabia hizo utazijua, ama kwa kusoma, ama kwa kuanguka. Kusoma ni bei rahisi.

Kuna nini nyuma ya kile kifuniko cha kushoto?

Angalia skuta yako upande wa kushoto. Kuna kifuniko kirefu kinachoanzia chini ya miguu hadi kwenye tairi la nyuma. Ndani yake mna puli mbili na mkanda wa mpira, ule mafundi wanaouita belti. Puli ya mbele inazungushwa na injini. Ndani yake mna rola ndogo, mara nyingi sita. Ukiongeza mafuta, rola zinasukumwa kuelekea nje, zinaibana puli, na mkanda unapanda juu. Puli ya nyuma nayo inafunguka, mkanda unazama ndani. Hapo gia inakuwa imebadilika bila wewe kugusa kitu.

Nyuma kabisa kuna klachi inayoshika yenyewe injini ikichangamka na kuachia yenyewe injini ikitulia. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye taa na skuta isizime.

Teknolojia hii si ya jana. Mholanzi Hub van Doorne aliitia kwenye gari la DAF mwaka 1958. Vespa za zamani, zilizoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946, zilikuwa na gia za kuzungusha kwa mkono wa kushoto. Kwa hivyo mzee akikuambia yeye aliendesha skuta kabla babako hajazaliwa, mwamini, lakini pia jua kwamba yake na yako ni vyombo viwili tofauti.

Sasa, kutokana na mfumo huo kuna mambo manne ambayo lazima uyaweke akilini.

La kwanza, injini ikizimwa au ikitulia, tairi la nyuma liko huru. Mwenye pikipiki ya gia anaweza kuiacha kwenye gia ya kwanza ikajishika. Wewe huwezi.

La pili, injini ikiwa inanguruma, mguso mdogo wa mkono wa mafuta unatosha kuirusha skuta mbele. Mtoto akicheza na mkono huo, au wewe ukiikokota huku umeushikilia, itakukimbia.

La tatu, betri ikifa usitarajie marafiki waisukume iwake. Tairi halifiki kwenye injini. Kama skuta yako ina teke la kuwashia, jifunze kulitumia leo, kabla halijahitajika.

La nne linawahusu waliotoka kwenye bodaboda. Kwenye pikipiki ya gia, mkono wa kushoto ni klachi. Kwenye skuta, mkono wa kushoto ni breki ya nyuma. Ukishtuka, vidole hukumbuka mazoea ya zamani. Unabana kushoto kwa nguvu zote ukidhani ni klachi, tairi la nyuma linajifunga, skuta inalala. Tafuta uwanja mtupu siku ya Jumapili, fanya mazoezi ya kubana breki zote mbili polepole, ukiongeza nguvu kadiri inavyopungua mwendo. Rudia mpaka vidole vizoee.

Kwenye feri

Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni likazama. Mama na mtoto wake wa kike walikufa. Kila mtu wa Mombasa anaikumbuka siku ile, na wengi wetu tangu hapo tukifika kwenye feri tunaangalia kwanza tumesimama wapi.

Lile lilikuwa gari. Skuta ni nyepesi zaidi na, kama tulivyoona, haina gia ya kuishikilia. Kwa hivyo fanya hivi. Ukiteremka, kaa mbali kidogo na aliye mbele, maana akisimama ghafla kwenye mteremko huna pa kwenda. Usibane breki ya mbele kwa pupa kwenye chuma chenye maji na mafuta. Tairi ndogo ikiteleza mbele haikupi nafasi ya pili. Ingia polepole, ukiwa umenyooka, na vidole vikiwa kwenye breki zote mbili.

Ukishasimama ndani, zima injini. Shuka. Weka stendi kubwa ya katikati, ile inayoinua tairi la nyuma. Stendi ya pembeni kwenye chombo kinachotikisika haiaminiki. Kama skuta yako ina kifungo cha kufungia breki, kitumie. Halafu simama karibu nayo. Ile tabia ya kuiacha na kwenda kupiga picha za maji, tuwaachie wageni.

Wakati wa kutoka, usiwashe kabla ya feri kugusa nchi kavu na walio mbele kuanza kwenda. Skuta iliyowashwa katikati ya watu wa miguu, mkono mmoja ukiwa kwenye simu, ni ajali inayosubiri mguso. Na upandapo ule mlima wa upande wa pili, ongeza mafuta kwa utaratibu. Ukirusha ghafla unauchoma mkanda na klachi, na mbele yako kuna mama amebeba ndoo kichwani.

Kisauni: mashimo, mchanga na maji

Ukiwa Kisauni, barabara kubwa si tatizo sana. Tatizo ni ukishaiacha. Mwandoni, Mtopanga, Mlaleo, Kiembeni, unaingia kwenye mchanga, mawe ya matumbawe na mashimo ambayo jana hayakuwepo. Tairi la skuta ni dogo, mengi ni ya inchi 10 au 12. Shimo ambalo bodaboda mwenye tairi la inchi 18 analipita akiongea na simu, wewe linakumeza.

Dawa ni macho kuwa mbali na mwendo kuwa mdogo. Ukiona huwezi kulikwepa shimo, funga breki kabla ya kulifikia kisha uachie unapoingia. Ukiingia huku umebana breki ya mbele, usukani utakuponyoka. Kwenye mchanga usikate kona kwa ghafla na usibane mbele.

Kagua upepo wa matairi kila wiki, asubuhi yakiwa baridi. Skuta nyingi ndogo zinahitaji karibu 22 mbele na 29 nyuma ukiwa peke yako, na nyuma huongezwa ukibeba mtu. Namba kamili ya skuta yako imeandikwa kwenye kibandiko au kitabu chake. Na ukinunua tairi, tafuta ubavuni namba nne zilizo pamoja. Ikiwa ni 2323, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa dukani miaka linang'aa kama jipya, lakini mpira wake umekauka.

Halafu kuna mvua. Masika ikishuka, zile njia za ndani zinageuka mito. Skuta haiogopi kulowa, inaogopa kuzama. Maji yakiingia nyuma ya kile kifuniko cha kushoto, mkanda unateleza, injini inapiga kelele na skuta haiendi. Yakifika kwenye kichujio cha hewa, injini inayavuta. Kama maji yamepita nusu ya tairi, rudi. Kama imezimia ndani ya maji, usiibonyeze stata mara kumi ukiomba Mungu. Isukume hadi pakavu, mwite fundi amwage maji na aangalie oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na lazima imwagwe yote.

Dada zangu mnaovaa buibui, na yeyote anayebeba mama mwenye leso, kuna jambo dogo linalovunja mifupa. Pindo likining'inia upande wa tairi la nyuma huvutwa na tairi, nalo halisubiri useme "simama". Kunja, kalia, au funga pindo kabla hujaondoka. Mwambie na abiria wako. Hataudhika.

Changamwe: wewe na lori

Ukitoka kisiwani kwenda Changamwe, ukishavuka Makupa na kuipita Kibarani, umeingia nchi ya malori. Makontena yanatoka bandarini kwenda Jomvu na Miritini, mengine yanarudi, na wewe uko katikati na kichombo chenye uzito usiozidi wa watu wawili.

Kanuni ni moja: kama huoni vioo vya pembeni vya lori, dereva wake hakuoni. Usikae ubavuni mwake, hasa kushoto, hasa karibu na raundabauti ya Changamwe. Lori refu likikata kona, mkia wake unalala ndani ya kona kule ulikojibanza. Ama lipite haraka mahali penye nafasi, ama baki nyuma ukionekana. Taa iwe imewaka hata mchana. Na jihadhari na dizeli iliyomwagika kwenye lami. Mvua ya kwanza ikiigusa, barabara inakuwa sabuni.

Nina rafiki anayeishi Mtongwe na kufanya vibarua vya zamu Changamwe. Alinunua skuta ya mtumba kwa pesa za chama, zamu yake ya kupokea ilipofika. Miezi minne aliringa nayo. Kisha ikaanza kutetemeka ikiondoka, kama gari la moshi. Akaongeza sauti ya muziki kwenye spika yake. Ikaanza kulia kama ndege kila akipanda mlima. Akasema ni vumbi. Jioni moja, giza likiingia, karibu na Kibarani, ikasikika "pa!" Injini ikanguruma, skuta ikasimama. Lori lililokuwa nyuma yake likapiga breki na honi pamoja. Lilimkosa.

Aliisukuma skuta mpaka kwa fundi asubuhi yake.

"Sabalkheri, fundi."

"Sabalkheri, mwanangu. Imelia muda gani?"

"Ilikuwa inatetemeka kidogo tu."

"Sikukuuliza imetetemeka vipi. Nimekuuliza imekulilia muda gani, usiisikie."

Fundi alipofungua kifuniko, mkanda ulikuwa umekatika vipande, nyuzi zimejisokota kwenye klachi, rola zimelika upande mmoja. Badala ya kununua mkanda, akanunua mkanda, rola na klachi. Zamu tatu zikampita akisubiri spea, na kibarua kikapewa mtu mwingine. Pesa za mkanda alikuwa nazo tangu mwezi wa kwanza. Alizitumia kununua ile spika.

Ratiba ya mtu anayetaka kufika

Huna haja ya kuwa fundi. Unahitaji daftari dogo au ukurasa kwenye simu, na uandike kilomita kila unapofanya kitu. Hiki kitabu cha skuta yako kikisema tofauti na mimi, kifuate chenyewe.

*Oili ya injini.* Skuta ndogo inabeba chini ya lita moja, hivyo ikipungua kidogo tu ni nyingi. Angalia kila wiki, skuta ikiwa kwenye stendi kubwa, mahali sawa. Kwa joto letu na foleni zetu, kumwaga kila kilomita 2,000 hadi 3,000 si ubadhirifu. Kwenye chupa ya oili utaona herufi MA au MB. MA ni kwa pikipiki ambazo klachi yake inaogelea ndani ya oili. Klachi ya skuta ni kavu, kwa hivyo nyingi hutumia MB.

*Oili ya gia za nyuma.* Ndiyo, haina gia za kubadilisha, lakini kwenye ekseli ya nyuma kuna meno yanayozunguka ndani ya oili yake, kiasi cha mililita 100 hivi. Wengi hawajui ipo. Muulize fundi wako, "Ile ya nyuma umebadilisha lini?" Akikodoa macho, tafuta fundi mwingine.

*Mkanda na rola.* Fungua uangalie kila kilomita 8,000 hivi. Ukiona nyufa, nyuzi au umekuwa mwembamba, badilisha. Mikanda mingi hufika kilomita 20,000 au zaidi kidogo kwenye hali nzuri, lakini kupanda kutoka kwenye feri kila siku na mtu nyuma si hali nzuri. Kutetemeka ikiondoka, kulia, na mwendo wa juu kushuka ni dalili tatu za kukupeleka kwa fundi wiki hiyo hiyo. Na asipake grisi kwenye mkanda wala kwenye nyuso za puli. Mkanda unafanya kazi kwa kushika, ukiteleza umekwisha.

*Kichujio cha hewa.* Vumbi la barabara za ndani linakiziba mapema. Skuta inayokula petroli zaidi ya kawaida bila sababu, anzia hapo. Vichujio vingi vya karatasi havioshwi, vinabadilishwa.

*Breki.* Ukibana na mkono ukakaribia kugusa usukani, kaza au badilisha. Ukisikia chuma kikisaga chuma, umeshachelewa. Tena usiruhusu mtu akupakie oili karibu na diski.

*Chumvi.* Hapa ndipo sisi wa pwani tunapotofautiana na watu wa bara. Hewa ya Shelly Beach inakula boliti, ekzosi na nyaya. Osha skuta kila wiki, lakini fikiria unaosha na maji gani. Visima vingi vya mitaani vina maji ya chumvi. Ukimaliza, mwagia maji matamu, ifute, iwashe ikauke. Boliti na stendi zipake oili kidogo kwa kitambaa.

Kabla hujatoa pesa

Kama bado unatafuta ya kununua, nenda mchana, na uende na fundi wako, sio wa muuzaji. Iguse injini kabla haijawashwa. Kama ni moto, uliza kwa nini ilipashwa kabla hujafika. Iendeshe kutoka mwendo sifuri na uisikilize inavyoondoka. Ipandishe mlima. Inyooshe kwenye barabara tambarare, uone kama inavuta upande mmoja. Angalia chini kama oili inavuja. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye logbook, na umtafute mwenye jina kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen kabla ya kutuma hata shilingi moja. "Logbook iko kwa ndugu yangu Nairobi" si jibu. Ukishanunua, hamisha umiliki mara moja. Skuta iliyo na jina la mtu mwingine ikikamatwa au ikisababisha ajali, nyote wawili mko taabani.

Halafu makaratasi yako. Leseni ya gari peke yake haikupi ruhusa ya kuendesha skuta, unahitaji daraja la A. Bima ya watu wengine ni lazima kisheria. Sheria ya Trafiki inataka kofia na jaketi la kung'aa kwa dereva na kwa abiria, na abiria ni mmoja tu. Ile familia ya watu wanne tunayoiona ikienda ufuoni siku ya Idi, tunaicheka lakini si ya kuigwa. Kofia ifungwe kidevuni. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Yote haya yakijumlishwa yana gharama, ndiyo. Kwa hivyo jipangie mapema: kila siku unayoiwasha skuta, weka kando pesa ya matengenezo, hata kama ni nauli moja ya matatu uliyookoa. Mwisho wa mwezi usiiguse kwa jambo lingine. Siku mkanda utakapolia, utakuwa na cha kuunyamazishia.

Rafiki yangu wa Mtongwe alirudi barabarani. Kibarua kingine alikipata baada ya wiki kadhaa. Spika aliiuza. Juzi tulikutana kwenye feri. Skuta ilikuwa kwenye stendi kubwa, injini imezimwa, naye amesimama kando yake, mkono mmoja juu ya kiti kama mtu aliyemshika mdogo wake asipotee sokoni. Nilipomsalimia aliinua kidole kunyamazisha. Alikuwa anaisikiliza ya jirani yake ikiwashwa.

"Hiyo ya kwako inalia, bro," akamwambia. "Ipeleke leo."